Upana wa Taaluma na Namna ya Kuupima

Katika miaka ya 1946 na 1947, mji wa Kalemie nchini Kongo ulipokuwa ungali ukiitwa Albertville, wataalamu wa Kibelgiji waliokuja kulichunguza Ziwa Tanganyika waligawana kazi kwa fani: Max Poll akashika samaki, Van Meel mimea ya majini, Kufferath kemia ya maji, na André Capart, ambaye asili ya elimu yake ilikuwa wanyama wa jamii ya kaa na kamba, ndiye aliyepima kina cha ziwa na kuchora ramani yake, iliyochapishwa mwaka 1949 na kuonyesha kwamba shimo lake lateremka hadi mita 1,470. Mtu wa namna hii, aliyetoka kwenye gamba la kaa akafika kwenye sakafu ya ziwa, twamwitaje, na twampimaje mbele ya mwenzake aliyedumu na fani moja umri mzima?

Aghalabu husemwa kuwa ni mtafiti wa taaluma nyingi, na maneno hayo yafahamika bila taabu. Lakini wingi ni hesabu tu, ilhali jambo linalopimwa lina sehemu tatu, kama alivyozipambanua Andy Stirling katika makala yake ya mwaka 2007: idadi ya fani, ulinganifu wa kazi iliyogawanywa baina yake, na umbali ulioko kati ya fani na fani. Kwa hiyo naona istilahi ifaayo ni upana wa taaluma, maana upana huonekana pale pande zinapotengana.

Hisabu yenyewe imezoeleka kwa wapimaji wa viumbe. Edward Simpson, mwaka 1949, aliuliza: ukichota wawili kwa nasibu, yaelekea kwa kiasi gani kuwa watakuwa wa jinsi moja? Kinyume chake ni uwezekano wa kuwa wa jinsi mbalimbali. Mtumbwi ufikao ufukoni Kalemie na ndagala nusu kwa mikebuka nusu wapata 0.5, wenye tisa kwa kumi ndagala wapata 0.18. Weka makala mahali pa samaki, nawe umempima mtafiti. Lakini hapo ndipo kasoro inapodhihiri, kwani aliyeandika makala tano za samaki na tano za konokono apata 0.5 sawasawa na aliyeandika tano za samaki na tano za vipimo vya kina. Mwanatakwimu wa Kihindi C. R. Rao, mwaka 1982, alizidisha kila jozi kwa umbali wake; basi tukikadiria umbali wa jozi ya kwanza kuwa 0.2 na wa jozi ya pili 0.8, wa kwanza atapata 0.1 na wa pili 0.4, na haki itakuwa imetendeka.

Umbali huo hupatikana kwa kutazama jinsi majarida yanavyonukuliana. Taabu ni pale fani ya makala inapoamuliwa kwa jina la jarida lililoichapa: matokeo ya safari ile ya Wabelgiji yalitoka katika mfululizo mmoja uliochapwa Brussels, na kwa kanuni hiyo kaa, kina, mimea na kemia vingeingia sanduku moja, naye Capart angepewa sifuri. Alan Porter na wenzake, mwaka 2007, walifanya vema walipoyageukia marejeo ambayo mtafiti huyanukuu. Kadhalika makala ya Didier Bompangue na wenzake ya mwaka 2008, iliyoeleza kuwa maziwa ni chanzo cha milipuko ya kipindupindu nchini Kongo, ilitoka katika jarida la maradhi ya kuambukiza. Kwa jina la jarida ni utabibu mtupu, ilhali hoja yake yagusa maziwa na makazi ya watu kandokando yake. Anayemtafuta mtaalamu wa maji kwa ajili ya Kalemie, mji unaorudiwa na maradhi hayo mara kwa mara, na aupime upana huo kwa kuzisoma makala zenyewe pamoja na marejeo yake, kisha aongeze ripoti za Kifaransa zilizomo makabatini mwa idara za afya na za maji, ambazo rejista za kimataifa hazina habari nazo.