Jinsi ya kuzuia faharasa za barua pepe kuharibika katika hifadhi ya pamoja

Mkazi wa Molo aendaye posta hutarajia kwamba barua iliyoandikiwa nambari yake ya sanduku na msimbo 20106 itatiwa katika sanduku moja, na ufunguo anao yeye. Barua pepe haina uhakika huo. Katika chuo kikuu au kampuni ya intaneti yenye maelfu ya wateja, sanduku la mtu mmoja huweza kufunguliwa na seva kadhaa kwa wakati mmoja, zote zikisoma na kuandika katika hifadhi moja. Mambo yakienda mrama, anayesubiri barua ya kuitwa kwa mahojiano ya kazi aweza kulikuta sanduku lake tupu, ilhali barua imo.

Aghalabu kilichoharibika huwa si barua bali faharasa, yaani daftari ambamo seva hunakili nambari ya kila barua, ukubwa wake, na iwapo imesomwa. Bila daftari hilo, seva ingelazimika kupekua barua moja baada ya nyingine. Dovecot, programu ya seva iliyoanzishwa na Timo Sirainen wa Ufini na kutolewa mara ya kwanza mwaka 2002, hutegemea sana faharasa za namna hii.

Chanzo cha uharibifu

Hifadhi nyingi za pamoja hutumia NFS, mfumo uliobuniwa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1984. Ili kuokoa muda, kila seva hujiwekea nakala ya muda ya yale iliyoyasoma. Katika Linux, kwa kawaida taarifa za faili hukaa katika nakala hiyo kwa sekunde 3 hadi 60 kabla ya kuhakikiwa upya.

Ni sawa na makarani wawili wa ghala moja la viazi, kila mmoja akiwa na nakala yake ya daftari. Wa kwanza anaandika gunia la 101. Wa pili, ambaye nakala yake bado inaishia 100, anaandika gunia jingine kwa nambari iyo hiyo. Magunia yote yamo ghalani, lakini daftari halisemi kweli tena.

Kinga

Kinga kuu ni moja: mtumiaji mmoja ahudumiwe na seva moja kwa wakati mmoja. Katika matoleo ya 2.0 hadi 2.3 ya Dovecot, kazi hiyo ilifanywa na kitengo kilichoitwa Director. Toleo la 2.4 la mwaka 2025 liliondoa kitengo hicho, hivyo msimamizi hana budi kupanga njia nyingine ya kumwelekeza kila mtumiaji kwenye seva yake.

Ikumbukwe kwamba barua zinazoingia nazo huandika katika faharasa. Kwa hiyo ni lazima zipitie seva ile ile inayomhudumia mwenye sanduku; wengi husahau jambo hili.

Hali kadhalika, saa za seva zote zioanishwe, na programu iamriwe kuandika kila badiliko hifadhini papo hapo. Hatua hizi husaidia, lakini haziwezi kuchukua nafasi ya kinga kuu.

Mpangilio wa Maildir, uliobuniwa na Daniel J. Bernstein katika miaka ya 1990, huweka kila barua katika faili yake bila kuhitaji kufuli. Huo huzilinda barua zenyewe, wala si faharasa.

Uharibifu ukishatokea

Katika Maildir, faharasa huweza kuundwa upya kutokana na barua, kwa kuwa alama ya kusomwa imo katika jina la faili. Hata hivyo, orodha ya nambari za barua ikipotea, programu ya mtumiaji hulazimika kupakua sanduku zima upya, gharama isiyo ndogo kwa anayenunua bando la simu.

Katika mpangilio wa mdbox wa Dovecot, alama hizo zimo katika faharasa pekee. Anayeifuta kwa pupa hupoteza kumbukumbu ambazo barua zenyewe hazina. Hapo, faharasa ihifadhiwe nakala ya akiba pamoja na barua, na ikiharibika irekebishwe kwa zana ya programu yenyewe, isifutwe kwa mkono.