Kutoka Vitabu-Mchezo hadi Kompyuta: Historia Fupi na Somo Lake kwa Walimu wa Kiswahili

Utangulizi

Walimu wengi wa lugha huiona michezo ya kompyuta kuwa adui wa usomaji. Mwanafunzi aliyeshika simu, tunasema, ameacha kitabu. Katika makala hii tunakusudia kueleza historia ya aina moja ya michezo hiyo ambayo haikuzaliwa na sinema wala na mpira, bali ilizaliwa na kitabu: hadithi za kifantasia ambazo msomaji mwenyewe ndiye mhusika mkuu, naye huamua hadithi iende wapi. Hapa tutaviita vitabu hivyo vitabu-mchezo. Hoja yetu ni kwamba kila mara vitabu hivi vilipohamishiwa kwenye kompyuta, swali lililoamua mafanikio yake lilihusu sentensi kuliko picha. Na kama hivyo ndivyo, basi kazi ya kuvileta katika Kiswahili inawahitaji wanaisimu sawasawa na wahandisi.

Asili yake: darasani na kitandani

Huenda msomaji akashangaa kusikia kwamba mojawapo ya mizizi ya vitabu-mchezo ni kitabu cha kiada. Katika miaka ya 1950, mwanasaikolojia Mmarekani, Norman Crowder, alibuni njia ya kufundisha kwa vitabu visivyosomwa kwa mfululizo. Mwanafunzi alisoma ukurasa mmoja, akaulizwa swali, akapewa majibu kadhaa ya kuchagua. Kila jibu lilimpeleka kwenye ukurasa wake. Aliyekosea hakuambiwa tu kwamba amekosea; alikuta maelezo ya kwa nini amekosea, kisha akarudishwa kwenye swali. Vitabu vya aina hiyo, vilivyojulikana kwa jina la TutorText, vilianza kuchapishwa mwaka 1958.

Waandishi wa fasihi nao walivutiwa na njia panda. Mwaka 1967, Mfaransa Raymond Queneau alitoa hadithi fupi, "Un conte à votre façon", ambayo msomaji huipitia kwa kuchagua. Lakini aliyeifikisha mbinu hii kwa watoto wengi alikuwa Edward Packard, mwanasheria wa Marekani aliyekuwa akiwasimulia binti zake hadithi wakati wa kulala. Alipoishiwa na mawazo, aliwauliza mhusika afanye nini. Mswada alioutunga kutokana na simulizi hizo, Sugarcane Island, ulichapishwa mwaka 1976, na mwaka 1979 kitabu chake The Cave of Time kikaanzisha mfululizo maarufu wa Choose Your Own Adventure.

Wasomaji wetu hawatapata tabu kulielewa jambo hili. Mtambaji wa hadithi wa kwetu naye hutazama uso wa hadhira yake, husikia kiitikio, na hurefusha au kufupisha. Anayesema "Kitendawili!" hawezi kuendelea mpaka aambiwe "Tega!", kama vile Mnyarwanda asemaye "Sakwe sakwe!" anavyongoja "Soma!". Tofauti ni kwamba kitabu hakimwoni msomaji. Kwa hiyo ilibidi majibu yote yaandikwe mapema, kila moja na ukurasa wake.

Mwaka 1982: dadu, kalamu na vifungu 400

Hatua kubwa ya kifantasia ilipigwa Uingereza. Steve Jackson na Ian Livingstone, waliokuwa miongoni mwa waanzilishi wa kampuni ya Games Workshop mwaka 1975, waliufahamu vyema mchezo wa Kimarekani wa Dungeons & Dragons uliotoka mwaka 1974, ambamo kundi la wachezaji huketi mezani na msimulizi mmoja huwaongoza. Swali lao lilikuwa hili: je, mtu aliye peke yake anaweza kuucheza mchezo wa namna hiyo kwa kutumia kitabu kama msimulizi? Jibu lao lilikuwa The Warlock of Firetop Mountain, kilichotolewa na Puffin mwaka 1982.

Kitabu hicho kina vifungu 400 vyenye nambari. Kabla ya kuanza, msomaji hurusha dadu ili kupata kiasi cha ustadi wake, nguvu zake na bahati yake, kisha huviandika kwa kalamu. Katika kifungu cha kwanza tu anakuta njia panda ndani ya mlima: akigeukia magharibi aende kifungu cha 71, akigeukia mashariki aende cha 278. Akikutana na adui, hurusha dadu tena, mara kwa ajili yake na mara kwa ajili ya adui, mpaka mmoja aishiwe nguvu. Mfululizo huo, Fighting Fantasy, ulifikia vitabu 59 chini ya Puffin kufikia mwaka 1995. Jackson peke yake aliandika pia Sorcery!, vitabu vinne vya kati ya 1983 na 1985, na mwaka 1984 Joe Dever akaanzisha hadithi za Lone Wolf.

Kwa wasomaji wa ukanda wetu waliosomeshwa kwa Kifaransa, vitabu hivi vilijulikana kwa jina jingine. Kuanzia mwaka 1983, Gallimard ilivitoa chini ya kichwa "Un livre dont vous êtes le héros". Hapo mwanaisimu ana la kujiuliza. Vitabu hivi husimuliwa katika nafsi ya pili: wewe unaingia, wewe unaona, wewe unajeruhiwa. Kiingereza kinasema "you" bila kujali jinsia. Kifaransa hakiwezi kukwepa kwa urahisi, kwa sababu vivumishi na vitenzi vya wakati uliopita huonyesha jinsia ya anayetajwa, na hata neno "héros" lenyewe ni la kiume. Kiswahili hakina tatizo hilo. "Umechoka, shujaa" humfaa msichana na mvulana vilevile. Aidha, kiambishi cha masharti -ki- kama kimeumbwa kwa kazi hii: "Ukifungua mlango, nenda kifungu cha 12." Neno moja, ukifungua, limebeba mtendaji, sharti na tendo.

Kuhamia kwenye kompyuta: sentensi yatupwa

Kompyuta ilikuwa imeshaanza kumwambia mtu "wewe" kabla ya vitabu vya Jackson na Livingstone. Mchezo wa Adventure, uliotungwa na Will Crowther mwaka 1976 na kupanuliwa na Don Woods mwaka 1977, ulikuwa maandishi matupu kuhusu mapango, na mchezaji alijibu kwa kuandika amri fupi. Kwa hiyo mtu angetarajia kwamba vitabu-mchezo vingehamia humo bila taabu.

Haikuwa hivyo. Mwaka 1984, kampuni ya Crystal Computing ilitoa The Warlock of Firetop Mountain kwa ajili ya kompyuta ndogo ya ZX Spectrum. Kumbukumbu ya mashine hiyo ilikuwa kilobaiti 48 kwa toleo lake kubwa, nayo haikutosha kubeba kitabu kizima pamoja na picha. Kilichotoka kilikuwa mchezo wa kukimbia na kupigana ndani ya vichochoro. Jina la kitabu lilibaki. Maneno yake yalitoweka. Mwaka 1998, Deathtrap Dungeon, kitabu cha Livingstone cha mwaka 1984, kilifanyiwa vivyo hivyo na kampuni ya Eidos. Safari hii kumbukumbu ilikuwepo ya kutosha, lakini fikra ilikuwa ileile: kwamba kilichomvutia msomaji ni mazimwi na mapanga, na maneno yalikuwa kasoro tu ya karatasi.

Ishara ya njia nyingine ilionekana mwaka 1999. Joe Dever aliruhusu vitabu vyake vya Lone Wolf viwekwe kwenye intaneti bila malipo, na wapenzi wake wakaunda Project Aon kwa kazi hiyo. Maandishi yalibaki kama yalivyo; kilichobadilika ni kwamba badala ya kufunua kurasa, msomaji alibofya nambari.

Sentensi yarudi

Simu na vibao vya kugusa vya baada ya mwaka 2007 viliwarudisha watu kwenye kusoma hatua kwa hatua. Kampuni ya Tin Man Games ya Melbourne, Australia, ilianza kutoa vitabu-mchezo vya simu, kisha mwaka 2016 ikatoa upya The Warlock of Firetop Mountain, mara hii mhusika akiwa kama kinyago kidogo kinachosogezwa juu ya ubao huku maandishi yakiendelea kusomwa. Dadu na hesabu za nguvu ni kazi ya mashine.

Lakini mfano unaotuhusu zaidi ni ule wa inkle, kampuni iliyoanzishwa Cambridge, Uingereza, mwaka 2011 na Jon Ingold na Joseph Humfrey. Kati ya mwaka 2013 na 2016 waliigeuza Sorcery! kuwa michezo minne. Hawakuvipiga picha vifungu vya Jackson na kuvibandika. Walivivunja vipandevipande. Mchezaji akichagua, sentensi inayofuata huungwa kutokana na yale aliyoyafanya: alichobeba, aliyemkosea, alikolala jana. Kwa ajili ya kazi hiyo walitunga lugha ya uandishi iitwayo ink, wakaitoa bure kwa umma mwaka 2016. Mwandishi huandika maandishi ya kawaida, huweka nyota mbele ya kila chaguo na mshale wa kuonyesha hadithi inakoelekea. Sehemu ya hadithi huitwa kwa neno la Kiingereza lenye maana ya fundo. Hahitaji kuwa mhandisi.

Hivyo basi, waliofanikiwa kubakiza ladha ya kitabu ni wale waliouliza: mashine ifanye nini kwa ajili ya sentensi?

Jaribio la Rusizi II

Ili kuona swali hili lina maana gani kwa Kiswahili, tuliwapa wanafunzi wetu zoezi la kutunga kitabu-mchezo kifupi. Badala ya mlima wa mchawi, tulichagua mpaka wa Rusizi II, mojawapo ya vivuko kati ya Rusizi (Cyangugu ya zamani) upande wa Rwanda na Bukavu upande wa Kongo, mahali ambapo Kinyarwanda, Mashi, Kifaransa na Kiswahili hukutana. Hadithi iliwekwa katika mwaka 2018. Kifungu cha kwanza walikiandika hivi:

"Umefika Rusizi II alfajiri, mkononi una kikapu cha maembe. Mzee aliye mbele yako kwenye foleni anageuka na kukuuliza unaenda wapi. Ukimjibu 'Ninaenda sokoni, mzee', nenda kifungu cha 4. Ukimjibu 'Niko naenda ku soko, mzee', nenda cha 7. Ukinyamaza, nenda cha 9."

Hakuna jibu lililo kosa hapo. Cha 4 na cha 7 ni Kiswahili sanifu na Kiswahili cha Bukavu, na kila kimoja humfanya mzee amchukulie msafiri kwa namna yake. Anayenyamaza ndiye anayepata hasara, kwa kuwa amemkosea adabu mtu mzima. Hii ni mbinu ya Crowder iliyorudi nyumbani: mwanafunzi hajifunzi kanuni kwanza, anajifunza kutokana na anakofikishwa na maneno yake.

Ugumu ulijitokeza tulipotaka msafiri achague mzigo. Mmoja alitaka kikapu, wa pili gunia, wa tatu ndoo, wa nne mkoba. Kwa Kiingereza, mashine huacha pengo na kulijaza: afisa anautazama mzigo, anauliza kama ni mzito, anaurudisha, maneno mengine hayabadiliki. Kwa Kiswahili, afisa anakitazama kikapu chako, analitazama gunia lako, anaitazama ndoo yako, anautazama mkoba wako. Kikapu ni kizito, gunia ni zito, ndoo ni nzito, mkoba ni mzito. Pengo moja limezaa mabadiliko katika kitenzi, kimilikishi na kivumishi.

Kwenye karatasi, mizigo minne katika vituo vitatu ingehitaji vifungu 12. Kwenye kompyuta kifungu kimoja kwa kila kituo kinatosha, mradi mashine ipewe jedwali: kila nomino na ngeli yake, na kila ngeli na viambishi vyake. Jedwali hilo ndilo sarufi tunayoifundisha kila mwaka. Wanafunzi waliokuwa wakilalamika kwamba ngeli ni za kukariri tu walijikuta wakibishana kwa saa nzima: joka limekufa au joka amekufa? Ukubwa unashinda uhai, au uhai unashinda ukubwa? Kitabu kinaweza kukwepa swali hilo. Mashine haiwezi, sharti iambiwe.

Hitimisho

Wahandisi wa michezo wapo katika ukanda wetu. Wesley Kirinya wa Kenya alikamilisha The Adventures of Nyangi mwaka 2007, na baada yake wengine wamefuata. Vifaa vya uandishi navyo vinapatikana bila malipo. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda, na shule zina njaa ya matini za kusoma. Kinachopungua ni watu wa kuiandika sentensi na kuipanga ngeli. Tukiiacha kazi hiyo kwa wasiojua lugha, watoto wetu watacheza michezo ya Kiswahili kinachosema "kikapu yako nzito", nao watakiamini kwa sababu kimeandikwa kwenye kioo.

Tunawashauri walimu waanze na karatasi, kwani haihitaji umeme wala simu. Vifungu 20 vinatosha kwa muhula mmoja. Wanafunzi wavitunge, wabadilishane, wapotelee ndani yake, warudi mwanzo. Siku kompyuta itakapopatikana, jedwali litakuwa tayari. Walio na majedwali ya aina hiyo, au walio na msimamo kuhusu upatanisho wa joka, wanakaribishwa kutuletea maandishi yao idarani kwa ajili ya toleo lijalo.