Silinda Inayoruka Mwako

Peugeot 504 ya zamani ikiingia gereji huku injini ikitikisika na moshi ukitoka kwa vishindo, fundi husikiliza kidogo, kisha hutamka neno moja: "Inamisi." Wote walio pale wanaelewa, kuanzia mwenye gari hadi kijana anayeosha vipuri kwa petroli. Neno hilo limetoka katika Kiingereza, likapewa viambishi vyetu, na sasa ni la gereji zetu. Sina ugomvi nalo likiwa tamko la kwanza. Tatizo ni pale linapobaki peke yake, kwa maana linaitaja injini nzima ilhali ugonjwa mara nyingi uko kwenye silinda moja.

Katika injini ya mipigo minne, kila silinda huvuta hewa iliyochanganyika na petroli, huugandamiza mchanganyiko huo, huuwasha, kisha hutoa moshi. Kazi hiyo hukamilika kila kranki inapozunguka mara mbili. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 800 kwa dakika, kila silinda inatakiwa iwake mara 400 ndani ya dakika hiyo, kwa zamu: ya 1, ya 3, ya 4, ya 2. Kule kuwaka kuna jina zuri katika Kiswahili cha sayansi, nalo ni mwako. Tumekwisha kuzoea kusema injini ya mwako wa ndani. Zamu ya silinda ikifika na mwako usitokee, silinda hiyo imeruka. Kwa hiyo napendekeza tuseme silinda inaruka mwako, na tukio lenyewe tuliite mruko wa mwako. Kuruka kwa maana hiyo hakuhitaji kufundishwa: karani huruka jina kwenye orodha, msomaji huruka mstari.

Wapo wanaopendelea "kukosa cheche". Wengine, kwa kuwa neno la Kiingereza, "misfire", lilianzia kwenye bunduki, wangesema "kutofyatuka". Hili la bunduki naliacha. Silinda haifyatui kitu. La cheche ndilo linalonitia wasiwasi, kwa sababu linataja chanzo kabla ya uchunguzi. Ili mwako utokee lazima mambo matatu yakutane: mchanganyiko wenye uwiano mzuri, mgandamizo wa kutosha, na cheche inayokuja kwa wakati wake. Fundi akiandika "imekosa cheche" amekwisha kuhukumu. Mwenye gari atatumwa dukani kununua plagi nne mpya, na valvu iliyoungua itaendelea kuvuja vilevile. Jina la dalili lisiseme zaidi ya kile sikio lilichosikia.

Kazi ya kwanza, basi, ni kuijua silinda. Kwenye gari la kabureta na pointi, injini ikiwa imepata moto na ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, hali ambayo mafundi wengi wa Tanzania huiita sailensi, nyaya za plagi huchomolewa mmoja baada ya mwingine kwa koleo lenye mpira mzuri. Ukichomolewa wa silinda inayofanya kazi, mngurumo hushuka na mtikisiko huzidi. Ukichomolewa na injini isibadilike hata kidogo, mgonjwa amepatikana. Ncha ya waya uliochomolewa isogezwe karibu na chuma cha injini ili umeme upate njia, maana volti zake ni maelfu mengi, na ukikosa njia utapita kwenye koili yenyewe au kwenye mkono wa fundi. Gari lenye mfumo wa kielektroniki lisipimwe hivi. Vifaa vyake vinaweza kuungua.

Hapa ndipo jina linapoanza kuokoa fedha. Kabureta moja hulisha silinda zote nne. Ikiwa imeziba au inamwaga, injini nzima husitasita, na hali hiyo naiita hivyohivyo, kusitasita, ili isichanganywe na mruko wa mwako. Koili, kondensa na pointi nazo ni mali ya silinda zote. Silinda moja ikiruka peke yake huku tatu zikiwaka vizuri, hakuna sababu ya kuanza kufungua kabureta. Hata hivyo kabureta ndiyo inayofunguliwa kwanza katika gereji nyingi, ikasafishwa, ikafungwa, na gari likaondoka likitikisika kama lilivyokuja. Kitu pekee cha upande wa mafuta kinachoweza kuidhuru silinda moja ni hewa inayopenya kwenye gasketi ya manifodi karibu na mlango wake. Mruko wa aina hiyo huonekana zaidi kwenye sailensi na hufifia mafuta yakikanyagwa.

Plagi ikitolewa ina mengi ya kusema. Rangi ya kahawia hafifu ni afya. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika lakini hayawaki. Masizi makavu yanaonyesha petroli imezidi, na ikiwa imepakaa oili, ringi za pistoni au gaidi za valvu zimechoka. Kabla ya kununua chochote, plagi hiyo na ihamishiwe silinda ya jirani. Mruko ukihama nayo, plagi ndiyo mbovu. Usipohama, jaribu waya, kisha kagua kofia ya distributa kama ina ufa. Kwenye Peugeot 404 na 504, ambazo watu wa Afrika Mashariki wanaziita Pijo na ambazo ziliheshimika sana baada ya 404 kushinda Safari Rally mwaka 1963 na mara tatu mfululizo kuanzia 1966, plagi zimekaa chini kabisa ya mashimo marefu na hufikiwa kwa virefusho maalumu. Injini ikioshwa ovyo, maji hutuama humo, na kirefusho chenye ufa huvujishia umeme kwenye hedi.

Cheche ikiwa nzuri na mruko ukabaki, ni zamu ya mgandamizo. Plagi zote hutolewa, mafuta hukanyagwa hadi mwisho, starta huzungushwa, na kila silinda husomwa kwa geji. Tuseme tatu zinasoma kati ya kilo 9 na 10 na moja inasoma 5. Mimina kijiko cha oili ya injini ndani ya ile dhaifu, upime tena. Kipimo kikipanda sana, ringi zimeisha, kwani oili imeziba pale zilipokuwa zinavujisha. Kisipopanda, mvujo uko juu, kwenye valvu au gasketi ya hedi. Na silinda mbili zinazopakana zikiwa dhaifu pamoja, gasketi imeungua katikati yao. Valvu ya moshi inayoungua mara nyingi ilianza kwa kubanwa mno wakati wa kurekebisha tapeti, ikawa haifungi sawasawa.

Namba ya silinda nayo ina mtego. Aliyejifunzia kazi kwenye Land Rover huhesabu kuanzia upande wa rejeta. Kwenye Pijo hizi silinda ya 1 iko upande wa flaiwili. "Silinda ya 2" ya fundi mmoja ni ya 3 ya mwenzake, na hedi inaweza kufunguliwa kwa ajili ya valvu iliyo nzima. Kwa hiyo kadi ya kazi na iandikwe hivi: "Peugeot 504. Silinda ya 3 kutoka flaiwili inaruka mwako ikiwa sailensi. Plagi na waya vimehamishwa, mruko haukuhama. Mgandamizo kilo 5; baada ya oili, kilo 5. Ikaguliwe tapeti, kisha valvu."