Sumaku haipimi kutu

Sokoni mtu akitaka sufuria ya inoksi, anatoa sumaku. Ikinasa, anasema: «Hii ni ya kudanganya.» Ni kweli? Tuulize historia.

Inoksi ilizaliwa mara mbili. Mwaka 1912, kule Ujerumani, Strauss na Maurer wa kampuni ya Krupp walichanganya chuma na kromu pamoja na nikeli. Mwaka 1913, kule Sheffield, Uingereza, Harry Brearley alikuwa anatafuta chuma cha mitutu ya bunduki isiyolika haraka. Aliweka kromu karibu 13%, bila nikeli. Waliofaidika ni watengenezaji wa visu.

Zote mbili zinalindwa na kromu: ikikutana na oksijeni inafanya ngozi nyembamba sana, na ukiikwaruza inarudi yenyewe. Ila ile ya Sheffield inanasa sumaku. Inakomazwa kwa moto na kushika makali, lakini kutu inaiweza mapema. Ile ya Krupp hainasi sumaku, na inavumilia zaidi.

Basi sumaku ina haki? Hapana! Miaka ya 1950, nikeli ilipokuwa haba, Wamarekani waliweka manganizi mahali pa sehemu ya nikeli. Hiyo nayo hainasi sumaku, lakini kutu inaiweza haraka kuliko ile ya nikeli.

Kwa hiyo mwenye kununua tanki ya maji ao vyombo vya hospitali aulize namba: ni 201 ya manganizi, ao 304 ya nikeli? Sisi tuliosoma tuko na deni la kuwaeleza mama zetu mbele hawajatoa pesa.