Misa Iliyotungwa kwa Sauti za Nyumbani

Ukitajwa mji wa Likasi, ulioitwa Jadotville hata mwaka 1966, wengi wetu hukumbuka shaba, tena gitaa. Huko ndiko Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akinasa nyimbo, alikomkuta Mwenda Jean Bosco mwaka 1952. Lakini leo twataka kuifuata reli kutoka Likasi mpaka Kamina, tusikie wimbo usiohitaji gitaa wala kinanda.

Mwaka 1953 Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alipewa kusimamia shule ya Kamina. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa amekwisha kukusanya kwaya: wavulana wapata 45, wenye umri wa miaka 9 hata 14, pamoja na walimu 15. Maneno ya Misa yalikuwa ya Kilatini, kama desturi ya siku zile. Bali sauti zilikuwa za nyumbani: maombolezo ya Waluba, nyimbo za kuagana, na michezo ya Kasai. Mmoja alianzisha, wengine wakamwitikia, ngoma ikishika mwendo tu. Hawakusoma noti; walitunga wakiimba, kila mtu akimsikiliza mwenziwe.

Misa hiyo, iitwayo Missa Luba, iliimbwa mara ya kwanza Kamina tarehe 23 Machi 1958. Mwaka ule ule waimbaji walikwenda Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, na santuri yao ikaenea duniani.

Hapa tuna neno. Watu humtaja Padri Haazen, na ni haki, maana ndiye aliyewakusanya. Lakini nani amtaja mwalimu Joachim Ngoi, aliyeimba peke yake mbele ya wenzake? Na wale wavulana, nani awajua? Nyimbo za kulilia wafu na kuaga wasafiri hazifundishwi kwanza shuleni. Mtoto huzisikia kwa mama na bibi yake.

Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliagiza muziki wa mataifa upewe heshima katika ibada. Watu wa Kamina walikuwa wametangulia miaka mitano.

Basi, wazazi, baada ya sala ya jioni imbeni na watoto wenu. Nyumba isiyo na kinanda haikosi sauti. Tena tusingoje mgeni aje kutuambia ya kuwa nyimbo zetu zafaa mbele ya altare.