FTP: ASCII au binari? Taja aina ya faili kabla hujatuma

Wadau, hapa kafe naulizwa sana: kwa nini cheti nilichoskani kinafunguka fresh kwenye flashi, ila kikifika kwenye seva kimeharibika? Mara nyingi tatizo ni aina ya faili uliyoitaja wakati wa kutuma.

Kanuni za FTP za mwaka 1985 (RFC 959) zina aina mbili zinazotumika zaidi:

ASCII: ya maandishi matupu, mfano .txt na .html. Windows humaliza mstari kwa baiti mbili, 13 na 10. Linux kwa 10 peke yake. Aina hii inazibadili zifuate kompyuta inayopokea.

Binari: inapeleka kila baiti kama ilivyo. Ni ya picha, muziki, zip, PDF, hata .doc.

Sasa ukituma picha kwa ASCII toka Windows kwenda Linux, popote penye 13 na 10 zilizofuatana, 13 inatupwa. Picha kwisha! Na usipochagua, kanuni inahesabu umechagua ASCII.

Kwa hiyo ukitumia amri, andika binary kwanza, ndiyo put. Halafu usifute orijino mpaka ufungue lililofika. Mwenye swali aulize hapo chini.