Neno "Shule" na Asili Yake

Yako maneno yatumikayo kila siku hata watu hawaulizi tena yalitoka wapi. Neno "shule" ni mojawapo. Toka Tukuyu mpaka Mbeya, na toka Mbeya mpaka Iringa, mtoto akionekana asubuhi njiani na daftari mkononi hatumwulizi aendako, twajua. Lakini neno lenyewe si la Kinyakyusa, wala la Kihehe, wala la Kisangu, na hata katika Kiswahili ni mgeni. Ni ndugu wa neno la Kiingereza "school", nalo limesafiri mwendo wa miaka zaidi ya elfu mbili. Leo twapenda kuifuata safari hiyo, kwa kuwa ndani ya asili ya neno hili mna fundisho limpasalo kila mwenye mtoto.

Chimbuko lake ni Kiyunani cha kale. Wayunani walikuwa na neno "skhole", na maana yake ya kwanza haikuwa nyumba, wala mwalimu, wala kitabu. Ilikuwa nafasi, yaani ule wakati ambao mtu ameachiliwa na kazi, hana la kumhimiza. Waliopata nafasi hiyo walizoea kukaa pamoja na kuzungumza mambo ya hekima. Neno likahama, likawa jina la mazungumzo yenyewe. Kisha likahama tena, likawa jina la mahali yalipofanyika. Warumi wakalipokea wakasema "schola", na kutoka Kilatini likaenea Ulaya. Waitalia wasema "scuola", Wareno "escola", Wafaransa "école", Wajerumani "Schule", na Waingereza "school".

Hapa yafaa tuulize: ikiwa watu hao walikaa kitako wakazungumza, ni nani aliyelima? Kazi nyingi zilifanywa na watumwa. Hata mtoto wa tajiri alipokwenda kusoma alipelekwa na mtumwa, ambaye kwa Kiyunani aliitwa "paidagogos", maana yake amwongozaye mtoto. Kutokana na jina la mtumwa huyo mataifa ya Ulaya yamepata jina la maarifa ya kufundisha, ambayo kila mwalimu hujifunza chuoni. Basi tangu mwanzo nafasi ya mwenye kusoma ililipwa kwa jasho la mwingine. Jambo hili tuliweke akilini, maana tutalirudia.

Kwa Waingereza neno hili limezaa maana nyingi. Ni nyumba ya kusomea. Ni masomo yenyewe, kama wasemapo kwamba leo hakuna "school", ingawa nyumba ipo pale pale. Ni walimu na wanafunzi wote kwa jumla. Ni watu wanaofuata rai ya mwalimu mmoja, ambao sisi katika mambo ya sheria na dini huwaita madhehebu. Tena ni kitendo, kwani hata kumzoeza farasi amtii ampandaye huitwa kwa neno lilo hilo. Maana hizi zote ni matawi ya mti mmoja.

Lakini iko moja isiyo ya mti huo. Mwanafunzi akikuta katika kitabu cha Kiingereza habari za "school" ya samaki, asidhani kwamba samaki wamekaa darasani. Hilo ni neno jingine kabisa, lililotoka katika Kiholanzi cha zamani, na maana yake ni kundi, kama kundi la usipa walionao wavuvi wa Matema katika Ziwa Nyasa. Maneno mawili yamekutana kwa sauti na kwa maandishi, mfano wa watu wawili wenye jina moja wasio wa ukoo mmoja.

Je, sisi tulilipataje? Tusidhani kwamba kabla ya kuja Wazungu Waswahili hawakuwa na jina la mahali pa kusomea. Walikuwa na chuo. Na neno "chuo" nalo lina safari yake, kwa maana hapo zamani lilikuwa kitabu. Utenzi mashuhuri uliotungwa Pate mwaka 1728 huitwa Chuo cha Herekali, yaani kitabu chake. Kwa kuwa watoto walikwenda penye kitabu, mahali pale pakaitwa chuoni, na mtu mwenye elimu akaitwa mwanachuoni. Kutoka Kiarabu wakapokea "darasa", na "elimu", na "mwalimu". Tazama tofauti iliyopo: Wayunani walipaita mahali pa kusomea kwa jina la nafasi aliyopewa mwanafunzi, Waswahili walipaita kwa jina la kitabu anachokishika.

Mwaka 1891 wamisionari Wajerumani wa Moravian na wa Berlin waliingia katika nchi ya Wanyakyusa, na Wamoravian wakajenga Rungwe. Mwaka huo huo vilianza vita baina ya Wajerumani na Mtwa Mkwawa wa Wahehe, navyo havikwisha mpaka alipokufa mwaka 1898. Wamisionari walifundisha watu kusoma ili wapate kusoma Neno la Mungu. Serikali ya Wajerumani nayo ilifungua shule zake, kwanza Tanga na baadaye mahali pengine, ikafundisha kwa Kiswahili, kwa sababu ilihitaji makarani na maakida wajuao kuandika. Hivyo neno "Schule" likavaa nguo ya Kiswahili, likawa "shule".

Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliteka Tukuyu na Iringa, na utawala wa Wajerumani ukaondoka. Lakini maneno mawili hayakuondoka: shule, na hela, iliyokuwa sarafu yao ndogo. Unguja, ambako Wajerumani hawakutawala, watu walilichukua neno kwa Waingereza wakasema "skuli", nao husema hivyo hata leo. Hapo pana ajabu kidogo, kwa maana Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1930, ilikijenga Kiswahili sanifu juu ya Kiunguja; lakini kwa neno hili watu wa bara wameshika lile la Kijerumani. Nao mapadri wa Consolata kutoka Italia, waliofika Iringa mwaka 1919, walikuja na "scuola" yao. Basi watoto watatu wa neno moja walikutana katika nchi yetu ya Nyanda za Juu Kusini.

Hata hivyo kufundisha watoto hakukuanza na neno hili. Wavulana wa Kinyakyusa walichunga ng'ombe wa baba zao pamoja na wenzao wa rika, na katika kuchunga walijifunza mambo yawapasayo wanaume. Wasichana walijifunza kwa mama zao shambani na jikoni. Elimu ile haikudai nafasi, kwa kuwa ilikuwa ndani ya kazi yenyewe. Shule ilileta sharti jipya: mtoto atoke kazini. Si ajabu kama mzazi mwenye ng'ombe wengi alisita.

Mwaka 1928 serikali ya Waingereza ilifungua shule ya Malangali, katika nchi ambayo leo ni Wilaya ya Mufindi. Mkuu wake, W. B. Mumford, alijaribu kuziunganisha elimu hizo mbili. Wazee waliitwa kufundisha mila, na wanafunzi walicheza ngoma na kujifunza kutupa mkuki, pamoja na kusoma na kuandika. Jaribio lile halikudumu miaka mingi, ingawa shule yenyewe ipo hata leo. Lakini swali lililokuwamo ndani yake lilikuwa la kweli, nalo ni hili: mtoto apateje kusoma bila kukatwa na nyumba yao?

Ada ya shule za msingi za Serikali iliondolewa mwaka 2002, na ile ya sekondari mpaka kidato cha nne mwaka 2016. Ni jambo kubwa. Lakini ada ya kwanza, ile waliyoijua Wayunani, haiwezi kufutwa na Serikali yoyote, nayo ni nafasi. Mpunga ukikaribia kuiva Usangu na Kyela, lazima ndege waamiwe. Mahindi yakikauka Ismani, lazima yavunwe. Mama akijifungua, lazima mtoto aliyetangulia apate mlezi. Kazi hizi hazingoji, na mara nyingi aitwaye kwanza ni binti. Kaka apata nafasi kwa sababu dada hana. Tukifanya hivyo tumerudia desturi ya wale wa kale, ambao mmoja alisoma na mwingine akalipa kwa mwili wake, wala hakuambulia hata herufi moja.

Hatusemi kwamba mtoto asiguse jembe. Mtoto asiyejua kazi ni mzigo kwa wazazi wake na kwa nafsi yake. Twasema kazi igawanywe kwa haki. Saa za shule ziwe za shule. Kazi za jioni, maji na kuni na jiko, zishikwe na mvulana na msichana sawasawa. Kisha kila mmoja apewe kitambo chenye mwanga apate kukitazama kitabu chake. Nawe mwanafunzi, ujue kwamba saa hizi ukaapo darasani yuko mtu shambani afanyaye kazi ambayo ingalikuwa yako. Ukizichezea saa hizo, umelichezea jasho lake.

Basi twaweza kusema kwamba mtoto fulani yuko shule kwa kuwa jina lake limo katika daftari la mwalimu. Lakini kama kila msimu huitwa shambani siku tatu katika juma, na usiku hulala kwa uchovu kabla ya kufungua kitabu, jengo amepewa, ila ile shule ya maana ya kwanza bado hajapewa. Na mwenye kumpa ni sisi wa nyumbani.